Salamu Thelathini na Moja

Katika makanisa madogo ya Juba, yale ya turubai na mabati ya mitumba, mgeni hafungui Biblia kabla hajatoa salamu. Unaweza kuwa mhubiri wa kuhamisha milima, lakini ukisimama ukaanza moja kwa moja na neno, kina mama watatazamana, wazee watakohoa, na mahubiri yako yataingilia sikio hili yatokee la pili. Kwanza useme umetoka wapi, umewaacha akina nani huko, na wamekutuma nini. Ukishamaliza hayo, hubiri mpaka jua litue, hakuna atakayekuzuia.

Mwinjilisti Lokosang alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote wa kazi yake. Alikulia uhamishoni Uganda, akaokoka hukohuko, na kwa miaka minane alikuwa akizunguka baina ya kambi za wakimbizi za ng'ambo na makanisa madogo ya Juba. Alibeba vitabu vya nyimbo, vikombe vya meza ya Bwana, turubai zilipopatikana, na maneno ya kuwatia moyo wachungaji ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwatia moyo. Hakuwa mtu wa miujiza. Alikuwa na goti bovu na sauti nzuri.

Tangu mapigano ya Julai 2016, watu walipokimbia kila mmoja na njia yake, salamu nazo ziligeuka. Zamani zilikuwa adabu tu. Sasa mtu kambini aliandika kwenye chochote alichokipata, pakiti ya biskuti, ukurasa wa daftari, karatasi ya sabuni: mimi fulani niko hai, namtafuta dada yangu, aliishi karibu na kisima. Lokosang alizisoma kanisani moja baada ya nyingine, na mwenye salamu yake, kama yupo, alisimama akasema, "Nimepokea." Basi, neno hilo moja. Wapo waliolisema wakilia, na wapo waliolisema kama mtu anayepokea chumvi kwa jirani, wakaenda kulia nyumbani. Barua ni nusu ya kuonana, wahenga walisema, na Juba ya miaka ile iliishi kwa nusu hizo.

Alikuwa na kanuni moja. Kabla ya kuchukua karatasi, alimtaka mwenyewe aisome, kisha yeye airudie kwa mdomo mbele yake, neno kwa neno. "Karatasi inaloa," aliwaambia. "Mdomo hauloi." Watu waliipenda kanuni hiyo kwa sababu waliondoka wakijua wamesikika.

Safari ya Aprili, mwaka uliofuata, alibeba karatasi thelathini na moja. Alizificha ndani ya jalada la Biblia yake, akalishona upya kwa uzi mweusi. Nusu ya njia kutoka mpakani, basi lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Abiria mmoja, mwanamume mkimya aliyekaa viti viwili mbele yake, alikutwa na barua mfukoni. Aliyeishika aliisoma polepole, akafika kwenye jina fulani, akamwuliza, "Huyu ni nani wako?" Yule mwanamume akasema ni shemeji yake. Akaambiwa ashuke. Basi likaondoka bila yeye.

Lokosang aliishika Biblia yake kifuani njia nzima. Aliogopa, na hakuna haja ya kulipaka rangi jambo hilo. Aliogopa mpaka goti bovu likaacha kuuma.

Jumapili alihubiri mtaa wa Atlabara, kwenye chumba cha udongo ambacho siku za kazi kilikuwa shule ya chekechea. Alikwisha kukata uzi wa jalada, kidole kiko juu ya karatasi ya kwanza, ndipo alipomwona yule mwanamke. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, kitenge cha manjano, viatu vya kiume, na shingoni kaning'iniza kalamu kwa kamba. Mapajani alikuwa na daftari limefunguliwa. Watu wakiimba, yeye haimbi. Midomo ilikuwa ikichezacheza tu, kama ya mtu asiyejua wimbo. Walipofumba macho kuomba, Lokosang alichungulia kidogo, akamwona anapeleka mkono kwenye paji la uso, kisha anaushusha haraka na kutazama huku na huku.

Ishara, alijiambia. Kuna mtu nje anapewa ishara.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lokosang alilifunga jalada, akasema, "Makanisa yote ya ng'ambo yanawasalimu sana katika Bwana." Watu wakangoja. Mzee mmoja akauliza, "Wote?" Lokosang akajibu, "Ndiyo, wote," akaanza kuhubiri. Yule mwanamke hakuandika neno hata moja. Alimkazia macho mpaka amina ya mwisho, kisha akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Jumatano ilikuwa zamu ya Buluk. Huko alifikia nyumbani kwa Mchungaji Fortunato, mtu mnene mwenye huruma, ambaye jina lake alipewa na mapadri alipobatizwa utotoni na hakuona sababu ya kulitupa alipookoka. Kanisa lilikuwa ua wake mwenyewe, mabenchi sita. Na benchi la tano, pale pale, kitenge cha manjano.

Sasa hapo niambie, wewe ungefikiri nini? Salamu zikawa tena "wote wanawasalimu." Mwanamke akafunga daftari lake taratibu. Baada ya ibada mke wa Fortunato, Mama Victoria, akamfuata Lokosang jikoni alikokuwa akinawa mikono.

"Pasta, kuna mama hapa naulizauliza juu yako," alisema. "Anataka kujua wewe ulitoka kambi gani. Ulikuja na basi ya siku gani. Jumapili utakuwa wapi."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia Mangateen. Si watu wote najua?" Akamtazama usoni, akaelewa. "Ee Bwana. Kumbe nimekosa."

Fortunato alipoambiwa alikaa kwenye kiti chake akakuna tumbo. "Watu wa amni siku hizi wanatuma kina mama," alisema. Amni ndiyo usalama, neno ambalo Juba hulitamki ukiwa umesimama mlangoni. "Mwanamume tutamjua. Mama nani atamshuku? Mwenzetu mmoja alisoma majina kanisani kwake, mwezi wa pili huo. Jina moja lilikuwa la kijana aliyeingia msituni, yeye hata hakujua. Mpaka leo hatujui mwenzetu yuko wapi." Akashusha sauti. "Wewe iko na karatasi?"

"Sina," alisema Lokosang, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mwenyeji wake katika miaka minane.

Siku mbili alizunguka na ile Biblia kama mtu aliyebeba kaa la moto. Aliwafundisha wachungaji wasaidizi jinsi ya kuandaa somo, akagawa vikombe, akasuluhisha ugomvi wa wanakwaya wawili, na wakati wote huo masikio yake yalikuwa langoni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilikuwa inamjia yeye. Muuza maji aliyeuliza kama kuna mgeni ndani alimtia jasho, kumbe alitaka kujua ajaze mapipa mangapi.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, alikwenda chooni na Biblia. Alizitoa karatasi zote, akazichana bila kuzitazama, maana aliona heri asijue anachana ya nani. Vipande vikaingia shimoni. Kimoja cha kijani kiling'ang'ania ukingoni, akakisukuma kwa ncha ya kiatu. Akatoka nje, akavuta pumzi, akajisikia mwepesi. Mchana ule alikula asida, ugali wa Juba, sahani mbili. Aliona haya kwa wepesi ule, lakini alikula.

Ndiyo maana Jumapili alipokwenda Mangateen hakuwa na wasiwasi tena. Waje, wapekue, hawatapata kitu. Kanisa la Mangateen lilikuwa rakuba, kibanda cha miti na nyasi kilichofunikwa turubai, katikati ya vibanda vya watu waliokimbia makwao na wengine waliokimbia walikokimbilia. Liliongozwa na Mama Teresina, mjane mwembamba aliyeuza mkaa siku sita na kuchunga kondoo wa Bwana siku ya saba. Lokosang aliwaletea turubai mpya, na walishangilia kwa haki, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na matundu kuliko turubai.

Kitenge cha manjano kilikuwa benchi la mbele safari hii.

Lokosang alimtazama moja kwa moja, kwa ujeuri wa mtu aliyeficha vizuri. "Makanisa yote ya ng'ambo," alisema, "yanawasalimu." Akahubiri vyema siku hiyo, pengine kuliko siku zote za safari ile. Alihubiri juu ya kutoogopa. Ndiyo, hilohilo. Shetani naye ana utani wake.

Baada ya mahubiri ukafika wakati wa ushuhuda, na yule mwanamke akanyanyua mkono. Mama Teresina akampa nafasi.

"Yesu asifiwe," alisema. "Mimi naitwa Tisa. Mimi si mtu ya kanisa hii. Mimi ni Mkatoliki, nyimbo zenu mimi sijui, mnisamehe." Watu wachache wakacheka kwa upole. Yeye hakucheka. "Hii pasta mimi nimefuata makanisa tatu, kwa mguu. Nilisikia natoka makambi ya Uganda. Atlabara, salamu mafi, hakuna. Buluk, mafi. Leo hapa pia, hakuna. Mimi nauliza mbele ya watu wote. Mhubiri gani natoka kambini bila salamu hata ya mtu mmoja? Watu kule wote wamekufa?" Akageukia mabenchi. "Mimi naona hii si mhubiri. Hii ni mtu ya amni, amekuja kuhesabu nyinyi. Msimpe majina yenu."

Mama mmoja nyuma alimshika mwanawe mkono akaanza kujisogeza kuelekea njia ya kutokea. Kijana wa ngoma akaisukuma ngoma chini ya benchi, sijui alidhani itashtakiwa. Mama Teresina aliyempokea Lokosang kwa miaka mitano mfululizo akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na jicho hilo lilimuuma Lokosang kuliko mtutu wowote wa bunduki.

Angeweza kusema mengi. Angeweza kumwita Fortunato ashuhudie, angeweza kukasirika. Badala yake maneno yalimtoka yenyewe. "Zilikuwepo," alisema. "Salamu thelathini na moja. Nilizichana juzi nikazitupa chooni."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Teresina.

Lokosang akamnyooshea Tisa mkono, si kidole, mkono mzima ukiwa wazi. "Kwa sababu ya huyu mama. Nilimwona na daftari. Haimbi, anauliza mabasi, anafanya ishara kwenye paji la uso. Nilidhani ni mtu wa amni."

Tisa akapeleka mkono kwenye paji la uso, kifuani, bega hili, bega lile, polepole, msalaba kamili wa Kikatoliki mbele ya walokole wote. "Hii ndiyo ishara," alisema. "Atlabara nilianza, nikakumbuka niko kanisa ya watu, nikaona haya."

Akalifungua daftari, akamgeuzia alione. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Upande mmoja majina ya majirani zake, wazee wasioweza kutembea, watu wanaoogopa kuonekana kwenye mikusanyiko. Kila mmoja na mtu wake anayemtafuta. Upande wa pili uliachwa mtupu, wa kuandikia salamu zitakapofika. Mstari wa kwanza uliandikwa Tisa, na mbele yake, Suzan.

"Ni binti yangu," alisema. "Alikimbia siku ile na tumbo ya miezi saba. Sikukuuliza jina yake wewe, kwa sababu mhubiri bila salamu mimi naogopa kumpa jina ya mtoto wangu. Sasa nauliza. Suzan alikuwa kwa karatasi zako?"

"Sijui, mama," alisema Lokosang. Alitamani ardhi ipasuke. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kwenye shimo analolijua. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno dogo, nani angemkamata? Lilifika mpaka kwenye ulimi, akaisikia ladha yake. Akalimeza, kwa kuwa alikwisha kudanganya vya kutosha wiki ile.

Ndipo alipoikumbuka kanuni yake. Mdomo hauloi. Kila karatasi aliirudia kwa sauti mbele ya mwenyewe, na kama maneno yamo kichwani, yamo. Akamwomba Mama Teresina amruhusu kukaa. Akakaa kwenye kigogo, akafumba macho, akaanza kupita kambini kwa akili, kutoka lango la kwanza, hema kwa hema, kama alivyopita siku ile.

"Loku," alisema. "Fundi baiskeli. Amekaa chini ya turubai ya bluu, anasema: namsalimu kaka yangu Gune, mguu umepona."

Halafu huko nyuma mtu akasimama. "Nimepokea," alisema.

Yule mama aliyekuwa akitoka na mwanawe akarudi kukaa. Lokosang akaendelea. Bibi mwenye jicho moja, anamsalimu mjukuu wake Loro, asiache shule. Hakuna aliyesimama, Tisa akaandika. Mapacha wawili wanamtafuta mama yao, anauza samaki wakavu. Tisa akaandika. Wengine walikuwa wa Atlabara, wengine wa Buluk, na hapo rakubani wanne walisimama wakasema neno lao. Jasho lilimtiririka. Kumi. Kumi na tano. Kumi na tisa. Kila jina lililotoka lilimpa aibu na furaha kwa pamoja, na hakuweza kuzitenganisha.

Baada ya salamu ya kumi na tisa akakwama. Alisugua uso. Zilibaki sura bila maneno, na maneno bila sura, na watu walimngoja bila kukohoa hata mmoja. Tisa hakuwa ameondoa macho yake kwake.

"Kuna nyingine," alisema Lokosang. "Karatasi ya sabuni, ya kijani. Msichana, amesimama kwenye foleni ya maji. Mgongoni ana mtoto. Anasema: mwambie mama nimejifungua salama, ni msichana, nimempa jina lake."

"Jina yake yeye msichana nani?" aliuliza Tisa.

Lokosang alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Aliliona dumu la njano la yule msichana, akaiona ile karatasi ya kijani, akakiona na kile kipande kilichong'ang'ania ukingo wa shimo na ncha ya kiatu chake ikikisukuma. Jina halikuwepo.

"Silikumbuki."

"Na mtoto? Mtoto naitwa nani?"

"Silikumbuki, mama. Nisamehe. Nakumbuka hilo tu, kwamba amempa jina la mama yake."

Tisa akasimama. Alikwisha kusimama tangu mwanzo, lakini sasa alinyooka. "Nimepokea," alisema.

Benchi la pembeni likalia. Mwanamke mmoja mzee, aliyekaa kimya ibada nzima na mkongojo wake, alikuwa akijiinua, mkono mmoja umemshika jirani. "Binti yangu naye alikuwa na mimba," alisema, bila kumtazama mtu. "Nimepokea."

Lokosang akageuka kwa Mama Teresina, amsaidie, aseme neno la kuongoza watu, afunge kwa sala. Mama Teresina alikuwa amevua kitambaa cha kichwani, amekishika kwa mikono yote miwili. Katika miaka mitano hakuwahi kumwambia Lokosang kwamba ana binti.

"Nimepokea," alisema Mama Teresina.

Wakasimama hivyo wote watatu, na karatasi ya kijani ilikuwa moja tu.